Wakwe Walalapo Nyumbani Mwetu

Somo: Mwanzo 31, 43–55



Mwezi uliopita, baada ya ibada, mama mmoja kijana alinifuata nyuma ya kanisa, akasimama kitambo bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Baba Mchungaji, je, ni dhambi kuhesabu siku za mgeni?" Nikamwuliza mgeni huyo ni nani. Akajibu, "Ni mama mkwe, na mawifi wawili, na mtoto wa wifi. Walikuja kwa siku tatu. Leo ni juma la tano." Hakulia, ila niliona jinsi alivyoikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Siku ile sikumjibu ila kwa maombi, kwa kuwa swali lake lilinigusa mimi mwenyewe mahali nisipotaka kuguswa. Sababu yake nitaieleza mbele. Amenipa ruhusa kuyaandika haya pasipo jina.

Twaijua sote amri ya kuwakaribisha wageni. Waraka kwa Waebrania, mlango wa 13, watukumbusha kwamba wako waliowapokea malaika bila kujua. Nao walimu wetu hulifundisha neno hili vema. Lakini mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa 4, aongeza neno ambalo twalipita upesi: kwamba ukarimu huo uwe pasipo manung'uniko. Mtu awezaje kutimiza hilo? Wengine hudhani yatosha kufunga kinywa. Humpa mgeni kiti cha mbele, kisha usiku, mke na mume wakiwa peke yao, humwondoa kwa maneno ya chini. Huyo amepokewa kwa mikono, amefukuzwa kwa moyo. Ikiwa manung'uniko yamo nyumbani, haitupasi kuyafunika tu; yatupasa kutafuta chanzo chake.

Basi tumtazame Yakobo. Alikaa kwa Labani, baba wa wake zake, miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya binti zake wawili, na miaka 6 kwa ajili ya wanyama. Katika miaka hiyo yote hapakuwa na mpaka kati yao. Ujira wa Yakobo ulibadilishwa mara kumi, hata hakujua nyumba yake mwenyewe inaanzia wapi. Na kwa kuwa hakuweza kusema, alitoroka. Labani akapata habari siku ya tatu, akamfuata mwendo wa siku saba, akampata katika mlima wa Gileadi, akayapekua mahema yote. Angalieni, ndugu, kunyamaza kunavyozaa: kwanza kutoroka, kisha kupekuana.

Ndipo wakafanya jambo jema. Wakakusanya mawe, wakafanya chungu, wakala chakula hapo. Wakaapa kwamba huyu hataipita chungu ile kumwendea yule kwa madhara, wala yule kumwendea huyu. Tena Labani akataka neno jingine: Yakobo asiwatese binti zake, wala asioe wanawake wengine juu yao. Basi mpaka ule uliilinda nyumba ya Yakobo na mkono wa mkwewe, ukawalinda Lea na Raheli na mkono wa mume wao. Kisha wakalala mlimani usiku ule, wote pamoja. Asubuhi na mapema Labani akawabusu wanawe na binti zake, akawabariki, akarudi mahali pake. Katika ile miaka 20 hatusomi kwamba Labani aliwabariki. Aliwabariki siku mpaka ulipowekwa.

Iko habari nyingine, ya kutisha, nayo haisomwi mara nyingi makanisani. Ni Waamuzi, mlango wa 19. Mlawi mmoja alikwenda Bethlehemu ya Yuda kumrudisha suria wake. Baba wa mwanamke akamfurahia, akamkalisha siku tatu. Siku ya nne mgeni akaamka kwenda zake; mkwewe akamsihi ale kwanza, kisha akamsihi alale. Siku ya tano tena akamkawilisha kwa chakula hata jua likapinda. Wakaondoka jioni, saa isiyofaa, usiku ukawakuta Gibea, na maovu yaliyotendwa huko kwa yule mwanamke wayajua wasomao. Maandiko hayamlaumu yule baba, wala mimi simlaumu. Dhambi ni ya watu wa Gibea, na ya mume aliyemtoa nje. Lakini ona: katika mlango mzima mwanamke yule haulizwi neno hata moja. Wanaume wawili wanakula na kunywa, na safari ni yake pia.

Sasa tulinganishe na Mwanzo, mlango wa 24. Mtumwa wa Ibrahimu alipofika kwa wazazi wa Rebeka hakukubali kula kabla ya kueleza shauri lililomleta. Asubuhi akaomba ruhusa aende. Kaka na mama wakataka msichana akae kwanza, walau siku kumi. Yeye akakataa kwa adabu. Ndipo wakamwita Rebeka, wakamwuliza yeye mwenyewe. Mgeni huyu alitaja shauri lake mlangoni, akalala usiku mmoja, akaondoka kwa baraka. Nasi twadhani ni utovu wa adabu kumwuliza mgeni, "Utakaa nasi hata lini?"

Wazee wetu hawakudhani hivyo. Kati ya Wanyakyusa, kwa desturi ya kale, mke hakuonana uso kwa uso na baba wa mume wake, wala hakulitaja jina lake. Akimwona njiani alipisha. Sisemi turudie desturi hiyo, maana ilikuwa mzigo mzito kwa wake. Nasema tu kwamba wazee walijua ukwe ni kitu kinachohitaji nafasi. Leo nafasi hiyo imekwisha. Mkwe ashuka katika basi jioni, na nyumba ya mjini ina vyumba viwili vya kupanga, na pazia kati yao.

Hata wahenga wa pwani walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huenda msomaji akadhani ni neno la dunia tu. Basi ajue kwamba kiko kitabu kidogo cha Wakristo wa kwanza kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, ambacho nakala yake ilionekana tena Konstantinopoli mwaka 1873. Kitabu hicho chaagiza kwamba msafiri ajapo kwa jina la Bwana apokewe na kusaidiwa, lakini asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Akitaka kukaa, na afanye kazi. Wakristo wale walikuwa maskini, na ukarimu wao ulisifiwa. Hawakuona aibu kuhesabu siku.

Na Dr. Martin Luther je? Yeye na mkewe Katharina, waliooana mwaka 1525, walikaa katika nyumba kubwa iliyokuwa ya watawa huko Wittenberg, nayo ilijaa watu: yatima wa jamaa zake, wanafunzi, wakimbizi. Magdalena, shangazi yake Katharina, alikaa nao akipendwa na wote hata alipofariki mwaka 1537. Lakini wanafunzi walilipia chakula chao, na aliyeshika hesabu ni Katharina. Bila hesabu ya mama yule, nadhani ukarimu wa Dokta usingaliweza kudumu mwaka mmoja.

Sasa nieleze habari yangu mwenyewe. Mimi nami ni mkwe. Miaka michache iliyopita nilikwenda mjini kutibiwa macho, nikafikia kwa binti yangu. Mume wake ni kijana mpole. Hunipokea mkoba kwa mikono miwili, na mbele yangu haketi mpaka nimeketi. Daktari alinihitaji siku nne. Nilikaa siku 24. Nilipendezwa na wajukuu, na chai ya maziwa, na heshima niliyopewa. Usiku mmoja niliamka kutoka nje, nikamkuta mkwe wangu amelala jikoni juu ya mkeka, kati ya jiko na ndoo za maji, amejifunika koti lake la kazi. Binti yangu na watoto walikuwa upande wa pili. Kitanda nilichopewa kilikuwa chao. Sikuwa nimeuliza.

Kesho yake nilikwenda dukani kununua wembe. Mwenye duka akanifungulia daftari, akidhani nimekuja kulipa: sukari, maziwa, mkate, sukari, maziwa, mkate, siku 19 mfululizo. Ndugu, nimehubiri mara nyingi juu ya Mathayo, mlango wa 25, nikiwaonya wenyeji wasiomkaribisha mgeni. Siku ile nilisimama dukani na wembe mkononi, nikafikiri kwa mara ya kwanza kwamba mgeni naye ana hesabu ya kutoa.

Nikamwuliza binti yangu kwa nini hakusema. Akajibu, "Ningesema nini, Baba? Mume wangu aliona haya kwa kuwa wewe ni mkwe. Mimi niliogopa kwa kuwa wewe ni baba."

Katika jibu hilo nimejifunza neno ninalowapa ninyi, hasa walimu mnaoombwa shauri na wenye ndoa. Mwenye damu ndiye aseme. Mume asimtume mke wake kumweleza mama mkwe kwamba siku zimetosha. Huko ni kumweka mahali pa kuchukiwa, na chuki hiyo itadumu kupita wageni. Yeye ni mwana. Aende kwa mama yake mwenyewe. Vivyo hivyo binti na aseme na baba yake. Kumwacha baba na mama, kama tusomavyo katika Mwanzo, mlango wa 2, si kuhama nyumba tu. Ni kukubali kwamba shauri la nyumba mpya hukatwa na wawili. Kwa hiyo kwanza mke na mume wakubaliane faraghani, kisha mmoja aseme kwa niaba ya wote wawili, asiseme, "Mke wangu amechoka."

Tena aseme mapema. Neno lisemwalo kabla ya safari ni adabu. Neno lile lile likisemwa juma la tano huwa tusi. Simu ziko karibu kila nyumba. Mwana na amwambie mama, "Mama, tutafurahi mkija. Tunaweza kuwalaza vema mpaka Jumapili. Jumatatu nitawasindikiza mwenyewe mpaka kituo cha basi." Na pengine akaulize taratibu kama nauli ya kurudi ipo. Nimewaona wageni waliokawia majuma mawili kwa sababu hiyo tu, wakiona haya kusema.

Wako wasemao kwamba amri ya nne yakataza haya. Hiyo yatuagiza kuwaheshimu wazazi, haituagizi kuwadanganya. Aliyemficha baba yake daftari la duka hakumheshimu kuliko angalivyomwambia. Nasema hivi bila kumlaumu binti yangu.

Jambo moja halina mjadala. Mgeni mwanamume mtu mzima, hata akiwa shemeji, hata akiwa mjomba anayeaminiwa na wote, asilazwe chumba kimoja na watoto. Wazazi wengine wamenyamaza kwa kuogopa kuuvunja ukwe, wakajuta miaka yote. Nyumba ikiwa ndogo, mgeni na apelekwe kwa jirani, au asije. Ulinzi wa mtoto Mungu ameuweka mikononi mwa wazazi wake, hakuuweka mikononi mwa ukoo.

Lakini yasije maneno yangu yakatumiwa na wagumu wa moyo. Simoni Petro alikuwa na mama wa mke wake nyumbani, amelala ana homa, na Bwana aliingia humo akamshika mkono. Mjane, mgonjwa, mzee asiye na wa kumtunza, huyo si mgeni wa kuhesabiwa siku. Paulo amwandikia Timotheo, waraka wa kwanza, mlango wa 5, kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Tofauti yake wengi waijua moyoni: mwenye haja humtunza, na mwenye matembezi humpokea na kumsindikiza. Ikiwa hamjui ni yupi, wazee wa kanisa wapo.

Yule mama kijana nilimjibu hatimaye, pamoja na mume wake. Mume alisema na mama yake mwenyewe, jioni, kwa upole. Mama alikasirika, akaondoka Jumanne na binti zake bila kunywa chai. Jumamosi iliyopita mwanawe alikwenda kijijini kumwona, akalala usiku mmoja, akarudi. Alinieleza kwamba mama alimpikia, akampa na ndizi za kuchukua, lakini habari za mke wake hakuuliza. Mwezi ujao atakwenda tena. Tuwakumbuke katika maombi yetu.