Kupitwa si Kutolewa



Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 huko Ireland, wapanda farasi wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile. Mbele yao kulikuwa na kuta, mitaro na mito. Waliviruka vyote, macho yakiwa kwenye mnara wa kanisa. Ndipo zikazaliwa mbio za farasi za kuruka vizuizi, na baadaye watu nao wakaanza kuzikimbia kwa miguu.

Kwa miguu ni mita 3,000: viunzi mara 28, maji mara 7. Si mchezo! Viunzi vyenyewe ni vizito. Ukikigonga hakianguki, unaanguka wewe. Mwaka 1980 kule Moscow, Filbert Bayi wetu aliongoza sehemu kubwa ya mbio. Mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi hakutoka uwanjani. Alikomaa hadi mwisho, akailetea Tanzania medali ya fedha.

Wapo wenzetu hapa Dumila waliokuwa mbele: kwaya, jumuiya, kila kitu. Matokeo ya kidato cha nne yakaja vibaya, wakaona wamepitwa, wakaacha hata Misa. Ndugu yangu, kupitwa si kutolewa. Soma Waebrania sura ya 12: mwisho wa mbio zetu yupo Yesu, mtazame yeye. Ukidondokea kwenye maji, Kitubio kipo.

Jumapili hii mpitie mmoja wao nyumbani, mje naye.

Tafakari njema.