Kikatwe Nini

Injini ilikataa kuingia kwa sentimita tatu. Tulikuwa uani, hapa Tabora, chini ya mwembe: binamu yangu, fundi wa kuchomelea, na mimi niliyeshika tochi tu. Gari lenyewe ni dogo, la wazi, viti viwili, limeungwa kwa paipu za mraba kwa kuiga Lotus Seven, gari la Kiingereza la 1957 ambalo watu wa nchi nyingi hujitengenezea nyumbani. Ila binamu aliamua injini ya Corolla ikae nyuma ya viti, pamoja na gia boksi yake. Toyota walifanya hivyo kwenye MR2 mwaka 1984, lakini wao walianza na mchoro. Sisi tulianza na chasisi. Injini ilikuja baadaye, kutoka kwenye gari lililopata ajali.

Alteneta ilikuwa inagonga paipu ya mshazari, nyuma kabisa ya kiti cha abiria. Paipu hiyo ndiyo inayogawa pembenne kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haipindi kirahisi. Ukiiondoa, gari litawaka, litatembea, na hakuna atakayejua.

"Kata," nikasema. "Nani atachungulia huko?"

Fundi akazima grenda. "Wewe utakaa kiti kipi, mdogo wangu?"

Sikuwa nimepanga kukaa chochote. Hilo ndilo lililoniaibisha, maana nilikuwa nimetoa ruhusa kwa mwili wa mtu mwingine.

Wiki hiyo niliwapeleka wageni Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Huko huwezi kukwepa habari za wapagazi, na safari hii nilizisikia kwa sikio la gereji. Njia nzima ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, ilikuwa na kipimo kimoja: bega. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30. Stanley alipofika Zanzibar mwaka 1874 na mashua yake ya vipande, vipande vilionekana vizito mno, ikabidi seremala avikate upya.

Ningependa kusema kwamba hapo mzigo ulikatwa ili mtu abaki mzima. Lakini sidhani ilikuwa huruma. Mpagazi akianguka njiani, mzigo wake aliwekewa mwingine, msafara ukaendelea. Bega lilipewa heshima kama kipimo, mwenye bega akahesabiwa kama kipuri. Na mimi, chini ya mwembe, nilikuwa nimefanya hesabu ileile, tena bila hata haraka ya msafara.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kila chombo ni mapatano, hata magari ya kiwandani yana mahali palipopunguzwa. Kweli. Ila aliyepunguza anapaswa kumwambia atakayekaa hapo. Binamu alikuwa kimya muda wote, na mimi nilitaka tochi izimwe.

Paipu haikukatwa. Fundi alitengeneza kishikizo kipya, akaipandisha alteneta juu ya injini, tukahangaika siku tisa kutafuta mkanda wa urefu unaofaa. Jumamosi injini iliingia, ikabaki nafasi ya kidole kimoja. Binamu alinirushia kofia ngumu, akaniambia nikae kushoto.