Je, Waridi Ni Hasara?

Mwezi wa Mei uliopita, mama mmoja wa parokia yetu hapa Likasi alilaumiwa mbele ya watu. Mama huyu amepanda mawaridi nyuma ya nyumba yake. Huyauza kwa maarusi, na mengine huyaleta altareni kwa Bikira Maria. Basi mzee mmoja akamwambia: "Mama, unga umepanda bei, nawe unamwagilia maua! Watoto watakula waridi?" Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile ni la kweli, nasi tulikosa jibu.

Swali lenyewe ni la zamani. Kule Betania, Maria alipompaka Bwana wetu marhamu, Yuda alipiga hesabu: dinari 300, karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua. Kwa nini fedha hizo wasipewe maskini? Bwana hakumkataza Maria. Lakini tusimfanye mzee wetu Yuda. Yuda alikuwa na mfuko wa kuiba. Mzee wetu ana wajukuu wenye njaa.

Tutazame basi mahali ambapo waridi ni kazi ya maelfu ya watu, yaani Naivasha, nchini Kenya. Kandokando ya ziwa lile mawaridi hulimwa ndani ya nyumba kubwa za plastiki. Hukatwa yangali matumba, hupangwa kwa urefu wa mashina, hutiwa katika vyumba vya baridi, kisha hupelekwa Nairobi na kupakiwa katika ndege. Mengi huuzwa Uholanzi, katika mnada wa Aalsmeer. Mnada huo una desturi ya ajabu: bei huanzia juu na kushuka, na wa kwanza kuisimamisha ndiye mnunuzi. Baada ya wiki moja au mbili ua limenyauka, linatupwa.

Je, si hasara? Mwaka 2020, korona ilipofunga maduka ya Ulaya, mawaridi ya Kenya yalitupwa kwa marundo, na wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani. Ndipo ilipoonekana waridi lilikuwa nini kwao: lilikuwa unga, kodi ya nyumba, karo ya watoto. Husimuliwa kwamba Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria alikuwa akiwapelekea maskini mikate kwa siri, na aliposimamishwa njiani, mikate ikageuka mawaridi. Kule Naivasha waridi ndilo linalogeuka mkate.

Hata hivyo tusijidanganye. Kusema "inawapa watu kazi" hakutoshi. Sisi watu wa mji wa shaba tunajua kwamba mali yaweza kusafiri mbali na kung'aa huko, na mikono iliyoichimba ikabaki mitupu. Ziwa lile lina wavuvi pia, na wafugaji wanaonywesha ng'ombe. Dawa ya wadudu haichagui kati ya mdudu na kifua cha mama anayefunga maua. Tena Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba mapatano ya mshahara peke yake hayaleti haki, kama mshahara wenyewe haumtoshi mfanyakazi kuishi. Kwa hiyo twadhani mzee wetu aliuliza juu ya ua, kumbe ingefaa aulize juu ya mtu.

Tulikwenda kwa yule mama. Hatukumwuliza kwa nini hakupanda mahindi. Tulimwuliza ni nani anayechota maji, maana kiangazi cha hapa ni kirefu na mabomba hukauka. Akatuonyesha kijana wa jirani, yatima, mwenye madumu mawili. Tukauliza analipwa nini. Mama akanyamaza kidogo, akajibu: "Baba, mchana namlisha bukari."

Hatukuongeza neno. Jumamosi iliyofuata alileta kanisani mawaridi matano tu, ambapo kwa kawaida huleta ndoo nzima. Alisema mengine ameyauza, kwa sababu ya kijana.