Mwalimu wa chekechea naye ashukuriwe

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), mwalimu wa umma huu, pamoja na aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, kabla ya kumnasihi mtu mwingine, nianze na kosa langu mwenyewe. Binti yangu wa miaka sita alipomaliza chekechea, alinijia jioni moja na karatasi na kalamu za rangi. Akasema, "Baba, nataka kumwandikia mwalimu kadi ya asante. Nisaidie." Nikaandika "Kwa Mwalimu," kisha nikakwama. Jina lake sikulijua.

Kwa miaka miwili nilimkabidhi mama yule amana yangu kila asubuhi, na jina lake sikulijua! Nilikwenda kuonana naye mara moja tu, na siku hiyo nilikwenda kugomba kwa sababu ya sweta lililopotea. Mtoto akanitajia jina, akanitamkia herufi moja baada ya nyingine. Nani alimfundisha herufi zile? Ni mwalimu yule yule ambaye mimi sikumjua. Niliona haya mbele ya mwanangu, na zaidi mbele ya Mola wangu.

Ndugu msomaji, hebu tujiulize. Ni wangapi kati yetu tunamfuata mwalimu pale tu tunapokuwa na lawama? Mtoto akikwaruzwa na mwenzake, tunafika shuleni mbio. Akijifunza dua ya kula, akajua kunawa mikono akitoka msalani, akaweza kushika kalamu, tunasema mtoto ana akili kama baba yake. Sifa tunachukua sisi, lawama tunampelekea mwalimu. Huo si uadilifu.

Mtume (SAW), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ametufahamisha kuwa asiyewashukuru watu huwa hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Tuizingatie hadithi hii. Mtu anaweza kuleta tahmidi mara nyingi baada ya swala, huku mwanadamu aliyefanywa sababu ya neema hiyo hajapata kusikia neno moja jema kutoka kwake. Katika hadithi nyingine tumeamrishwa kumlipa aliyetufanyia wema, na tukikosa cha kumlipa tumuombee dua mpaka tuone kuwa tumemlipa. Na amepokea Tirmidhi kuwa mwenye kumwambia aliyemtendea wema "Jazakallahu khayran" basi amefikia ukomo wa kusifu. Hiyo ni sentensi fupi. Inatosha kwenye kadi, na haina gharama.

Wapo wanaomdharau mwalimu wa chekechea wakidhani kazi yake ni kuimbisha watoto tu. Tukumbuke kuwa wahyi wa mwanzo, katika Surat Al-Alaq, ulianza kwa amri ya kusoma na ukataja kalamu. Tukumbuke pia vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria. Imepokewa kuwa wapo mateka wa Kikureshi ambao hawakuwa na mali ya kujikombolea, na Mtume (SAW) akaifanya fidia yao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Yaani kumfundisha mtoto herufi kulihesabiwa kuwa thamani ya uhuru wa mtu mzima. Leo sisi tunaona kazi hiyo haistahili hata asante?

Historia yetu ya karibuni nayo ina funzo. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa Pwani ya Kenya walisikitika kuona watoto wao wanaachwa nyuma shuleni. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ukaanzishwa Mombasa mpango wa chekechea ndani ya madrasa, ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Walioubeba mpango ule ni akina mama wa mitaani, waliopewa mafunzo wakakaa chini na watoto wadogo. Ni wangapi waliopita mikononi mwao wakarudi kuwashukuru?

Atasema mtu, "Je, zawadi kwa mwalimu si rushwa?" Swali hili ni la haki. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji wa zaka aliyerudi na mali akidai sehemu yake amepewa zawadi. Mtume (SAW) alikasirika, akauliza kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hizo zingemfikia. Kwa hiyo bahasha ya fedha inayotolewa ili mtoto apendelewe tuiogope. Lakini kadi iliyoandikwa na mkono wa mtoto, baada ya mwaka kwisha, hainunui upendeleo wowote. Ni ushahidi wa wema uliokwisha kutendwa.

Basi tuiandikeje? Tuanze kwa Bismillah. Tumtaje mwalimu kwa jina lake. Tutaje jambo moja mahsusi alilomfundisha mtoto, maana asante ya jumla haimwonyeshi mtu kuwa ameonekana. Tumuombee dua, kisha mtoto aandike jina lake mwenyewe, hata kama herufi zimepinda. Herufi hizo zilizopinda ndiyo matunda ya mwalimu. Na mwalimu akiwa mwanamke, mama wa mtoto ashiriki, ili heshima na adabu zihifadhiwe.

Lakini ndugu zangu, kadi isiwe pazia la kufichia dhulma. Mtume (SAW) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mzazi anayedaiwa ada ya miezi mitatu hali anao uwezo, na kamati ya madrasa inayomwambia ustadhi asubiri thawabu akhera huku watoto wake wamelala njaa, hao waanze kulipa deni. Ikhlasi ya mwalimu ni baina yake na Mola wake. Haki yake iko shingoni mwetu.

Tulipoipeleka kadi ile, mwalimu aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akatuambia kuwa kila akiambiwa kuna mzazi anamwita, huwa anajiuliza amekosa nini. Maneno hayo sijayasahau. Tujirekebishe, ili walimu wa watoto wetu wasitetemeke wakitajiwa majina yetu.

Ewe Mola wetu, wasamehe waliotufundisha herufi ya kwanza, walio hai na waliotangulia, na utujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru. Amin.

Wabillahi Tawfiq.