Makovu Yamewekwa Upande Gani?

Somo: Yohana 20:24–29

Wapo vijana wetu ambao usiku, kazi na masomo vikiisha, hukaa mbele ya kompyuta wakipaka kutu kwenye upanga usiokuwepo. Mchezo wa Skyrim, uliotoka mwaka 2011, ni hadithi ya majoka na uchawi, na waliouunda, Bethesda, waliwaachia wachezaji mlango wa kuongeza vitu vyao wenyewe. Nyongeza hizo huitwa modi. Baadhi ya mafundi wa modi hawaridhiki na silaha za kubuni. Wanataka panga za kweli, kama zile za Ulaya ya karne ya 9 hadi ya 11 zilizoandikwa jina Ulfberht ubapani.

Kwanza umbo la upanga huchongwa kwa programu, kwa mfano Blender, ambayo haiuzwi. Kisha ngozi ya umbo hilo hufumuliwa na kulazwa chini, kama fundi cherehani anavyotandaza vipande vya gauni kabla ya kushona. Juu ya vipande hivyo ndipo teksicha hupakwa: picha moja ya rangi, nyingine ya kuelekeza mwanga, ili mkwaruzo uonekane una kina ilhali hauna. Ndani ya upanga huo hakuna chuma hata chembe.

Fundi mvivu hutawanya mikwaruzo kila mahali (siku hizi programu yenyewe humfanyia). Aliye makini huuliza mkono ulishika wapi, jasho liliingia wapi hata ngozi ya mpini ikawa nyeusi, makali yalipata mapengo kwa kukutana na nini. Hata jina lile la Ulfberht lina mtego kwa anayelinakili. Kwenye panga nyingi za Ulfberht kuna msalaba kabla ya jina, na mwingine kabla ya herufi ya mwisho. Zipo zenye msalaba wa pili mwishoni kabisa, na Alan Williams, mtafiti wa vyuma wa Wallace Collection ya London, alipozipima alikuta baadhi yake ni za chuma hafifu. Msalaba kwenye chombo cha kuulia! Hilo linahitaji Jumapili yake.

Siungani na wanaosema kazi hii ni ya shetani kwa sababu ina majoka. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kinatuambia kwamba Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya ufundi wa mikono, na subira ya kutafuta mahali halisi pa pengo dogo naihesabu katika karama hizo.

Kinachonisumbua ni kwamba makovu yote yamewekwa kwenye silaha. Tunaonyeshwa upanga umepitia nini. Aliyekatwa nao huanguka, na mchezo unaendelea.

Mafundi hao hao hupenda pia deraya za Visby. Tarehe 27 Julai 1361, jeshi la Mfalme Valdemar wa Nne wa Denmark liliwaua wakulima wa kisiwa cha Gotland nje ya kuta za mji wa Visby. Wengi walizikwa kwa haraka katika makaburi ya pamoja, baadhi yao na deraya zao mwilini. Uchimbaji ulioanza mwaka 1905 ulifukua mabaki ya watu zaidi ya 1,000, wakiwemo wazee na vijana wadogo. Mifupa mingi ya miguu ina alama za kukatwa. Kwa hiyo deraya ile inayopendeza kwenye skrini tunaijua vizuri kwa sababu hakuna aliyemvua marehemu.

Sasa tazameni Yohana anavyosimulia. Katika sura ya 19 askari anamchoma Yesu ubavuni kwa mkuki. Mkuki wenyewe haupewi sifa hata moja: urefu wake, mpini wake, fundi aliyeufua, yote yamenyamaziwa. Lakini sura ya 20 inasimama kabisa mbele ya jeraha, na Tomaso anaalikwa kulitia mkono. Mwili umefufuka, mauti imeshindwa, na tundu bado lipo. Mwinjilisti anajua silaha ilipita wapi kwa kuutazama mwili.

Kanisa lenyewe halikudumu hapo. Baadaye Wakristo waliutafuta mkuki, na leo Roma, Vienna na Echmiadzin ya Armenia kila mji una chuma kinachosemekana ndicho. Tulirudi kuipenda silaha, tena kwa ibada, kabla kompyuta haijakuwepo.

Kijana unayepaka panga, usiiache kazi yako, maana unaifanya vizuri. Ila kabla ya kumaliza upanga huo, tafuta picha za mafuvu ya Visby yaliyo kwenye makumbusho ya historia ya Stockholm, mengine bado yamevaa kofia za pete za chuma. Yatazame kwa muda ule ule unaoutumia kutazama mpini. Nanyi wazazi, msigombe kabla ya kuona. Jumapili hii mwombeni mtoto awaonyeshe upanga wake, mmsifu kwa kutu aliyoipaka, kisha mmuulize pengo lile lilitokana na kumpiga nani.