Mpiga Picha na Fedha ya Mteja
Wako wasemao kwamba msanii akishapokea fedha ya mteja, sanaa yake imekufa. Mimi sikubaliani nao. Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, apate riziki. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo aghalabu alipiga mara moja tu. Lakini kabla ya kupiga alimgeuza mteja uso kidogo, akamrekebishia mkao wa mikono. Pazia lake la kwanza (ufundi haungoji utajiri) lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Mteja alilipia picha. Uangalifu ule haukuwa na bei, na angaliweza kuuacha asidaiwe na mtu. Picha zilizotundikwa Paris mwaka 1994, zikasifiwa kuwa sanaa, ni zile zile walizoagiza wateja.