Shamba Moja na Wadai Wengi

Ardhi haizidi. Mali ya biashara huongezeka kwa kuchuma, lakini eka iliyo mkononi mwa Zaidi haiwi mkononi mwa Amri illa Zaidi ameiacha au amenyang'anywa. Kwa hivyo kugawa ardhi kwa insafu ni jambo ambalo kila mtu hulisifu kwa ulimi, na wachache mno huridhika nalo siku ya kupimwa mipaka. Atakaye kuliona hilo waziwazi na atazame khabari za Ayalandi.

Katika karne ya 17 sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa hicho ilitwaliwa kwa nguvu wakapewa mabwana wageni, na wenyeji wakawa wapangaji juu ya ardhi ya babu zao. Ilipoingia njaa kuu ya mwaka 1845 kwa kuoza viazi, walikufa watu takriban milioni moja, na wengi walioshindwa kulipa kodi walitolewa majumbani mwao. Mwaka 1879 Michael Davitt na wenziwe waliunda chama cha wapangaji katika jimbo la Mayo, na baada ya ugomvi mrefu zikatoka sheria, khasa ile ya 1903, za kuwakopesha wapangaji fedha wanunue mashamba waliyoyalima. Watu wakadhani ugomvi umekwisha, kumbe ulikuwa umebadili mlango tu. Kwani mwenye eka chache za mawe alinunua eka chache za mawe, na mwenye malisho mapana ya ng'ombe akabaki na malisho yake.

Basi malisho hayo yakigawanywa, apewe nani? Sheria ya 1923 yenyewe iliwataja watu wa namna nyingi: mchungaji atakayekosa kazi kwa kugawanywa shamba, mtu aliyefukuzwa zamani au mrithi wake, mkulima mwenye kishamba kisichomtosha, na kibarua asiye na ardhi kabisa. Kila mmoja katika hawa ana neno la kweli, na hiyo ndiyo mashaka yenyewe. Lau mmoja angekuwa mwongo, hukumu ingekuwa nyepesi. Mrithi wa aliyefukuzwa hudai haki ya kale, na dhulma haigeuki kuwa halali kwa kukaa miaka mingi. Lakini kabla ya babu yake alikuwako mwingine juu ya udongo ule ule, na aliyepo leo pengine amenunua kwa jasho lake. Jirani naye husema, "Mimi ndiye niliye karibu." Ukaribu ni sababu ya kuulizwa mwanzo, si sababu ya kumiliki.

Mwezi wa Mei 1920, wakati Waayalandi walipokuwa wakipigana na Waingereza, mahakama yao wenyewe ilikaa katika mji wa Ballinrobe kuamua daawa ya namna hii. Watu wenye haja ya ardhi walitaka kugawiwa shamba ambalo wenyewe hawakuwa mabwana wakubwa, bali wakulima wa kiasi tu. Mahakimu, mmoja wao Kevin O'Shiel, waliwapa haki wenye shamba. Wadai wakakataa kutoka. Ndipo askari wa upande wao wenyewe walipowakamata baadhi yao wakawaweka kisiwani, katikati ya ziwa, mpaka walipokubali hukumu. Kuhukumu dhidi ya adui ni rahisi. Wale walihukumu dhidi ya watu waliowategemea kwa chakula na maficho. Na walisibu, kwani haja ya mtu haimpi ruhusa ya kumfukarisha mwenye haja mwenziwe.

Lakini iko haja nyingine isiyokuwa na jirani tajiri wa kuelekewa. Katika pwani ya magharibi, huko Connemara, watu walilima baina ya majabali, na shamba jema la kugawa halikuwako. Mwaka 1935 Tume ya Ardhi ilianza kuhamisha jamaa 27 kutoka huko mpaka Ráth Chairn katika jimbo la Meath, penye majani mazuri kabisa. Kila jamaa ilipewa nyumba, wanyama, na eka kadiri ya 22. Wenyeji wa Meath wengi walichukia: vibarua wa hapo hawakuwa na ardhi, wanawaona wageni wanaingia, na lugha yao si ya hapo. Chuki hiyo haikuwa husuda tupu. Mtu aliyechunga ng'ombe za tajiri kwa miaka 20 ana la kusema. Ila wenye kuchukia walisahau kwamba aliyehama aliacha kishamba chake nyuma, kikaongezwa kwa waliobaki. Mtu mmoja akihama, pamepata nafuu pahala pawili. Hesabu hii kibarua wa Meath hakuweza kuiona, kwa kuwa nafuu ya pili ilikuwa mbali na macho yake.

Likabaki la kipimo. Ukigawa vipande vidogo wanapata wengi, na wote wanabaki maskini. Ukigawa vikubwa wanashiba wachache. Tume ilianza na eka ishirini na kitu, na kufika miaka ya 1960 ikaona hazipungui 40 ndipo jamaa iweze kuishi. Basi waliopewa 22 kwa furaha mwaka 1935 wakahesabiwa, bila ya kupungukiwa na hata shubiri moja, kuwa ni wenye mashamba madogo. Tume ikafungwa mwaka 1999, na wakati huo wana wao wengi walikuwa wamekwisha kwenda kufanya kazi Uingereza na Marekani.